Nani Analala Aspen?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha makadirio ya umri wa kuishi katika kila kaunti ya Marekani. Kaunti tatu zilizoshika nafasi za juu kabisa zilikuwa za jimbo moja, Colorado, na zote ziko kwenye milima ya Rocky: Summit, Pitkin na Eagle. Mtoto aliyezaliwa Summit mwaka 2014 alitarajiwa kuishi karibu miaka 87, wa Pitkin miaka 86 na nusu, wa Eagle karibu 86. Kaunti iliyoshika mkia, Oglala Lakota ya South Dakota, ambayo wakazi wake wengi ni wenyeji asilia wa taifa la Lakota, haikufika hata 67. Ukiitazama ramani utaona kitu kinachoziunganisha zile tatu za juu. Breckenridge iko Summit, Vail iko Eagle, Aspen iko Pitkin. Ni miji ya theluji, ambako watu hulipa fedha nyingi kupanda mlima kwa lifti na kuteremka wakiteleza kwa mbao miguuni. Basi ni rahisi kusema kwamba hewa safi, mazoezi na mandhari ndivyo vinavyowapa watu umri mrefu, na kwamba anayetaka kuishi vizuri ahamie huko. Mazungumzo yangu ya leo yanalipinga jibu hilo, ingawa sikusudii kusema kwamba miji hiyo ni mibaya. Nasema kwamba faida na hasara za kuishi katika mji wa theluji hazigawanywi na mlima. Zinagawanywa na nyumba, na nyumba ni jambo linaloamuliwa na binadamu.

Nitashika zaidi mji mmoja, Aspen, maana mambo yake yamechunguzwa kwa muda mrefu. Uko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi kwa zaidi ya mita 600, kwenye kona ya juu ya bonde la mto Roaring Fork. Ulianza miaka ya 1880 kama mji wa wachimba madini ya fedha, ukakua upesi, ukawa na watu zaidi ya 10,000. Mwaka 1893 serikali ya Marekani ikafuta sheria iliyoilazimisha kununua madini hayo kwa wingi. Bei ikaporomoka, migodi ikafungwa, na kufikia mwaka 1930 walikuwa wamebaki watu 700 hivi. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja watu wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa askari wa zamani wa Divisheni ya 10 ya Milimani, waliofunzwa vita vya theluji katika kambi ya Camp Hale, na miongoni mwao alikuwapo Mwaustria Friedl Pfeifer. Wa pili alikuwa Walter Paepcke, tajiri wa Chicago aliyekuwa na kampuni ya maboksi. Majira ya baridi ya 1946 kuingia 1947 wakafungua lifti ya viti iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani wakati huo. Mwaka 1949 Paepcke akaandaa sherehe za miaka 200 tangu kuzaliwa Goethe, na mgeni wa heshima akawa Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné nchini Gabon, katika safari yake ya pekee Marekani. Mwaka uliofuata yakafanyika hapo mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye theluji. Mji uliokufa ukafufuka. Lakini angalia kilichowawezesha watu wa kawaida kuingia humo siku zile: nyumba za wachimba madini zilikuwa tupu, na bei yake ilikuwa ndogo. Mtu aliweza kuhudumia meza usiku, kuteleza mlimani mchana, na baada ya muda akanunua kibanda chake. Theluji ya leo inaangukia mlima uleule. Kilichobadilika ni bei ya kibanda.

Sipendi kuharakisha sehemu ya faida, maana wakosoaji wa miji hii huipita mbiombio kana kwamba ni aibu kukiri kuwa tajiri anajua kuchagua. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya kaunti ya Pitkin ni mali ya umma, sehemu kubwa ikiwa misitu ya serikali kuu, na njia nyingi za miguu na za baiskeli ziko wazi kwa kila mtu bila kiingilio. Mji una wakazi wa kudumu 7,000 tu kwa sensa ya 2020, lakini una hospitali, shule za serikali zenye sifa, uwanja wa ndege, na tamasha la muziki linalofanyika kila kiangazi tangu 1949. Mabasi ya ndani ya mji hayatozi nauli. Mwaka 2013 bonde zima lilianzishiwa huduma ya mabasi ya mwendokasi, na hilo si jambo la kawaida kwa eneo la vijijini Marekani, ambako asiye na gari ni kama hana miguu. Mji wa watu 7,000 usingeweza kujigharamia mambo haya kwa mifuko ya wakazi wake peke yao. Mgeni ndiye anayelipa, kupitia kodi za mauzo, hoteli na mali. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aspen mgeni hapewi jembe hata akikaa mwezi, na kwa muda wote huo mwenyeji hutumia barabara, maktaba na basi vilivyolipiwa na mgeni huyo.

Sasa tuje kwenye mlango wa nyumba. Kwa miaka ya karibuni wastani wa bei ya nyumba ya familia moja mjini Aspen umepita dola milioni 10. Kuna usemi unaozunguka katika miji ya aina hii, kwamba kila mkazi ana moja kati ya mawili: nyumba tatu au kazi tatu. Mwenye nyumba tatu huja Krismasi, huenda akaja tena Februari, kisha taa zake huzimwa. Mwenye kazi tatu hulala Basalt, Carbondale, Glenwood Springs iliyo umbali wa kilomita 65 hivi, au hata Rifle, zaidi ya kilomita 100 chini ya bonde, na huamka gizani kuiwahi barabara namba 82 kabla haijajaa magari. Huyu ndiye mpishi, ndiye mtandika vitanda, mara nyingi ndiye mwalimu na muuguzi pia. Hapa ndipo takwimu ya umri inapopata maelezo yake. Utafiti uleule wa 2017 ulionyesha kwamba kipato, elimu, rangi na mambo mengine ya hali ya maisha yanahusiana na zaidi ya nusu ya tofauti za umri baina ya kaunti. Mji ambao humpokea mwenye fedha na afya, na humshusha bondeni aliyeugua mgongo akashindwa kodi ya pango, lazima uonekane una wakazi wanaoishi miaka mingi. Sikatai kwamba kupanda mlima kila siku kunafaa moyo. Lakini huwezi kuupa mlima sifa yote wakati mlangoni pamewekwa chujio.

Na bado kuna jambo ambalo tajiri na mkosoaji wake wote hawalioni, nalo ndilo kiini cha hoja yangu. Anayefaidi Aspen kuliko wote si bilionea. Bilionea anaipata kwa wiki chache, katika siku ambazo mlima umejaa watu na migahawa imejaa zaidi. Anayeifaidi ni dereva wa basi au mwalimu wa shule ya msingi aliyepata nyumba yenye hati ya masharti. Mamlaka ya nyumba ya Aspen na kaunti ya Pitkin inasimamia nyumba zipatazo 3,000 za namna hiyo, za kupanga na za kununua. Kuingia ni lazima uwe mfanyakazi wa humo humo: saa 1,500 za kazi kwa mwaka ndani ya kaunti, miezi tisa ya kuishi ndani ya nyumba hiyo, na usiwe na nyumba nyingine karibu. Unapoiuza, bei hupanda kwa kiasi kidogo kilichowekwa na kanuni, na mnunuzi anayekufuata hupatikana kwa bahati nasibu ambayo humpa nafasi zaidi aliyefanya kazi miaka mingi. Mwenye nyumba hiyo hawi tajiri. Lakini anatoka kazini saa kumi jioni na saa kumi na nusu yuko kwenye njia ya msituni, mwanawe anakwenda shule kwa miguu, na theluji ikianguka Jumanne asubuhi, siku ambayo wageni ni wachache, yeye yupo. Ukiniuliza kama kuishi katika mji wa theluji ni kuzuri, nitakuuliza kwanza kama una nyumba ya aina hiyo.

Pingamizi la kwanza linalokuja hapa ni la soko. Wanaolitoa wanasema nyumba ni bidhaa; wanaoitaka ni wengi, iliyopo ni kidogo, mwenye fedha kubwa anashinda, na asiyeweza ahamie kwingine kama wanavyofanya watu wa London. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama soko lenyewe lingekuwa huru, lakini haliko hivyo. Ardhi ya kujenga ni kipande kidogo kinachobaki baada ya misitu ya serikali, na hicho kidogo kilibanwa zaidi na sheria za wakazi wenyewe. Miaka ya 1970 madiwani wa kaunti ya Pitkin walipunguza mno idadi ya nyumba zinazoruhusiwa kujengwa, wakiogopa bonde lisije likafunikwa kwa saruji. Mwandishi Hunter S. Thompson, aliyegombea usherifu mwaka 1970 na kushindwa, alikuwa amependekeza mji ubadilishwe jina uitwe Mji Mnono, ili wawekezaji waone haya kuuza vipande vya mahali penye jina kama hilo. Huo ulikuwa mzaha wa mtu mwenye hasira, lakini hofu yake ilikuwa ya wengi, na sheria zilizotokana na hofu hiyo zilihifadhi uzuri wa bonde kweli. Zilichosahau ni kwamba uzuri uliohifadhiwa hupanda bei. Basi anayesema tuliachie soko anaomba liachwe soko ambalo tayari limeshikwa mkono upande mmoja. Mji ulioweka kizuizi cha kujenga una wajibu wa kumtengea mfanyakazi wake sehemu ya kulala. Aspen imekubali hivyo angalau kwa kodi: kila mali inapouzwa, mnunuzi hulipa asilimia 1 kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Jumba la dola milioni 10 huleta karibu dola 100,000. Sioni aliyedhulumiwa hapo.

Wengine husema kwamba wafanyakazi wa miji hii ni vijana wanaojua wanachofanya. Wanakuja kwa msimu mmoja au miwili, wanalala wanne chumbani, kampuni inawapa pasi ya bure ya mlima mzima, wanateleza, wanacheka, kisha wanarudi kwao kutafuta kazi za maana. Kwa kijana wa miaka 22 hili ni kweli, na mimi simhurumii; anafanya biashara nzuri, anabadilisha mshahara kwa furaha akijua muda wake ni mfupi. Lakini mji hauendeshwi na vijana wa miaka 22. Mtazame mwokoaji wa mlimani, yule anayelipua theluji iliyolundikana alfajiri ili isije ikaporomoka juu ya wageni, na anayemteremsha aliyevunjika paja kwa kitoroli cha kuburutwa. Kazi hiyo inataka ujuzi wa miaka. Desemba 2024 waokoaji wa mlima wa Park City, jimbo la Utah, takriban 200, waligoma katikati ya sikukuu wakidai mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 kwa saa hadi 23. Kwa siku 12 sehemu kubwa ya mlima haikufunguliwa, na wageni waliolipa fedha nyingi wakapanga foleni kwenye lifti chache zilizobaki. Kampuni ikakubali dola mbili zile. Mgomo huo ulionyesha kwamba pasi ya bure na mandhari havilipi kodi ya nyumba, na kwamba mtu mwenye ujuzi hukubali kulipwa machweo badala ya fedha kwa miaka michache tu, hadi siku anapopata mtoto. Tena kuna vipindi viwili kila mwaka, Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba, ambavyo wenyeji huviita msimu wa matope. Mlima umefungwa, migahawa imefunga, saa za kazi zimekatwa. Kodi ya nyumba haina msimu.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la mazingira, kwa sababu wanaolitoa mara nyingi wana nia njema. Kila jengo jipya hula kipande cha bonde ambacho kulungu, dubu na kondoo wa milimani wanakihitaji. Kijiji cha wafanyakazi si kitu chepesi juu ya ardhi. Lakini angalia jinsi hoja hii inavyotumika. Vail kulikuwa na kiwanja ambacho kampuni ya mlima ilitaka kujenga nyumba za wafanyakazi zenye vitanda 165. Hapo hapo ndipo kondoo wa milimani hulisha majira ya baridi. Mei 2022 baraza la mji lilipiga kura, nne kwa tatu, kukitwaa kiwanja kwa manufaa ya umma ili kisijengwe. Kondoo wale wana haki yao, na wapo wataalamu waliosema kundi lingeathirika. Ninachouliza ni kwa nini majumba yaliyotangulia katika bonde hilohilo, yenye vyumba sita na wakazi sifuri kwa miezi minane, hayakuwahi kupimwa kwa mizani ya kondoo. Na kuna hesabu nyingine isiyotajwa. Mfanyakazi asiyejengewa karibu hatoweki. Anajengewa mbali, kwenye malisho ya bonde la chini, kisha anaendesha gari kilomita 100 au 200 kila siku. Moshi wa gari hilo nao unaingia katika hewa ambayo sisi sote tunaambiwa inalindwa.

Lipo na lingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini zaidi. Desemba 1999 baraza la mji wa Aspen lilipitisha azimio la kuliomba Bunge la Marekani lipunguze idadi ya wahamiaji wanaoingia nchini, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa uharibifu wa mazingira. Wakati huo vyumba vya hoteli za mji huo vilikuwa vikisafishwa na watu wa Mexico na El Salvador waliokuwa wakiishi kwenye trela chini ya bonde. Wanasosholojia Lisa Park na David Pellow waliandika kitabu kizima kuhusu utata huo, kilichotoka 2011. Sina haja ya kuongeza maneno makali. Ninasema tu kwamba mji unaotegemea mikono ya mtu hauwezi kumhesabu kama uchafu wa mto. Na wanaotegemewa si wahamiaji wa kudumu peke yao. Lifti nyingi za Colorado huendeshwa Desemba na wanafunzi wa Peru na Argentina, ambao huko kwao ni likizo ya kiangazi, wakiwa na viza za muda. Juni 2020 Rais Trump aliposimamisha viza hizo, miji ya theluji nayo ililalamika.

Kama kuna asiyeshawishika kwa haki, basi ashawishike kwa barabara. Miji hii iko mwisho wa mabonde. Kutoka Aspen kwenda mashariki kuna njia moja ya kupita mlimani, Independence Pass, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,700, nayo hufungwa majira yote ya baridi. Hubaki sehemu ya namba 82 inayoteremka bondeni peke yake. Julai 2018 moto wa msituni ulioanzia kwenye uwanja wa kulengea shabaha karibu na Basalt uliteketeza nguzo za umeme, na Aspen, pamoja na mabilioni yake yote, nusura iingie gizani. Jackson, jimbo la Wyoming, walipata somo kali zaidi. Huko nako nyumba hazishikiki, hivyo maelfu ya wafanyakazi hulala Victor na Driggs, ng'ambo ya mlima, katika jimbo la Idaho, na huvuka Teton Pass asubuhi na jioni. Tarehe 8 Juni 2024 sehemu ya barabara hiyo iliporomoka yote kwenye korongo. Kwa wiki karibu tatu, mpaka njia ya muda ilipochongwa, mtu aliyekuwa na safari ya kilomita 40 alizunguka zaidi ya saa moja ya ziada kila upande. Hospitali, migahawa na kampuni za ujenzi zikahangaika kutafutia watu vitanda. Kaunti ya Teton, ambako Jackson iko, taasisi moja ya utafiti wa uchumi ilikwishaitaja mwaka 2018 kuwa na pengo kubwa la kipato kuliko zote Marekani. Pengo la kipato huwa halionekani kwa macho. Pale lilionekana, katikati ya lami.

Je, sheria inaweza kurekebisha? Waswisi walijaribu kwa njia ya kukata moja kwa moja. Machi 2012 walipiga kura ya maoni na kukubali, kwa asilimia 50.6 tu, kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila halmashauri. Ukitazama nani alikubali na nani alikataa utashangaa kidogo. Jimbo la Valais, ambako ziko Zermatt na Verbier, lilikataa kwa wingi mkubwa. Waliokubali zaidi walikuwa watu wa miji ya tambarare, wanaopenda kuuona mlima bila mabanda. Mwenyeji wa Valais alikataa kwa sababu fundi mwashi, seremala na fundi umeme wa kijiji chake walikuwa wakiishi kwa kuwajengea wageni majumba hayo. Hili linanipa tahadhari. Kupiga marufuku nyumba tupu kunamfurahisha anayetazama kutoka mbali. Kuwajengea wanaofanya kazi kunamsaidia anayeishi pale, lakini kunagharimu fedha na ardhi, na kila mtaa unataka mtaa mwingine uanze. Steamboat Springs, Colorado, mwaka 2024 wapiga kura waliukataa mradi mkubwa wa nyumba za gharama nafuu ambao mamlaka ya nyumba ya huko ilikuwa imeupanga kwa miaka. Waliopiga kura, bila shaka, ni wale ambao tayari wana pa kulala.

Zipo hasara ambazo nyumba haiziponyi, na nisizifiche. Majimbo ya milima ya Rocky ni miongoni mwa yale yenye viwango vya juu vya watu kujiua nchini Marekani; wataalamu wanataja silaha nyumbani, pombe, upweke, na bado wanabishana kama mwinuko wenyewe una sehemu yake. Katika mji ambao marafiki wako nusu yao huondoka kila Aprili, upweke ni rahisi kuuelewa. Halafu kuna theluji yenyewe. Majira ya baridi yanafupika, na mashine za kutengeneza theluji zinataka maji mengi na usiku wa baridi kali, vitu ambavyo navyo vinapungua. Mji ulioishi kwa madini ya fedha ulikwisha kufa mara moja, bei ilipoanguka. Wenye kununua jumba la milioni 10 leo wanaonekana hawana habari hiyo, au wana jumba lingine kwingine.

Aspen kwa sasa inabishana juu ya tatizo lililotokana na mafanikio yake. Watu waliopewa nyumba zenye masharti miaka ya 1980 na 1990 wamezeeka. Walikuwa walimu, wapishi, mafundi wa lifti. Sasa ni wastaafu, na kanuni zinawaruhusu waliotimiza miaka yao ya kazi wabaki. Watoto wamehama, vyumba viwili havina mtu, na muuguzi mpya anasubiri bahati nasibu akiwa Carbondale. Wapo wanaosema nyumba hizi zilijengwa kwa wafanyakazi, kwa hiyo asiyefanya kazi atoke. Kwa maoni yangu huko ni kuwarudisha wazee kwenye lile chujio la mlangoni, safari hii kwa mkono wa mamlaka ya umma. Mtu aliyepika miaka 30 katika mji huo ana haki ya kuzeekea humo, na mji usio na wazee wake ni hoteli kubwa tu. Kinachowezekana ni kumjengea mzee nyumba ndogo palepale, katikati ya mji, karibu na basi na hospitali, iwe nzuri kiasi cha yeye mwenyewe kutamani kuhama, ndipo vyumba vitatu vimwendee muuguzi. Itahitaji kiwanja ndani ya mji, na kila kiwanja kilichobaki huko kina mtu aliye tayari kulipa zaidi.